Mtoto Aliyekatazwa Kudoea

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo na mvi zangu hizi, moyo unanienda mbio. Ilikuwa siku ya mvua, kule Mafinga, wakati watu wanarudishia mbegu shambani, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Sogea karibu nikusimulie. Zima na hiyo simu kwanza. Simu yako itakungoja. Mimi na umri huu sijui kama nitakungoja.

Na usianze kuniambia, "Bibi, hayo ya zamani." Ya zamani yako wapi? Juzi tu hapa Iringa nimemsikia mama mmoja kijana, jirani yangu, akiongea na mumewe kwa simu. Anamwambia mkubwa kala shuleni, mdogo kala deikea, hakuna shida. Jioni nikawaona hao waliokula wamekaa kibarazani, mlango umefungwa kufuli, wanalambishana unga wa juisi kutoka kwenye pakiti mpaka ndimi zimekuwa za njano. Nikawaita waje wale kwangu. Mdogo alitaka kukimbia aje, lakini mkubwa akamshika shati, akageuka kwanza kutazama barabarani kama mama yao anakuja. Nilipoona vile nikakumbuka Mafinga yote.

Wakati huo nilikuwa binti, sijaolewa. Nilikuwa nimetoka kwetu Kilolo majuzi tu, nimekuja kukaa kwa kaka yangu Mafinga, nikapata kibarua cha kupanga mbao kwenye kiwanda kimoja cha kupasulia magogo. Kaka mwenyewe alikuwa mpakiaji wa malori ya mbao. Mkewe, wifi yangu, alikuwa anauza viazi na mahindi ya kuchemsha stendi, kwa abiria wa mabasi ya Mbeya na Dar. Mchapakazi, sitamsema vibaya. Anaondoka na beseni kichwani kuku hawajashuka, anarudi giza linaingia. Walikuwa na watoto wawili. Edina alikuwa darasa la pili, na Beno alikuwa mdogo, anaachwa kwa mama mmoja wa mtaani aliyekuwa analea watoto wa watu waliokwenda kazini. Edina akitoka shule saa nane anampitia mdogo wake, anambeba, wanakwenda nyumbani kungoja wakubwa.

Kwetu Kilolo, mwanangu, mtoto akitoka shule anakula pale alipokuta moto. Unapita kwa mama fulani, unamkuta anaepua viazi, unamwamkia "kamwene," unanawa, unakula, unakwenda zako. Wa kwake akipita kwenu ni hivyo hivyo. Wala mama yako akisikia hasemi kitu, anajua tu kwamba leo umeshapata. Mjini nikakuta adabu nyingine. Mtoto akila kwa jirani anaitwa mdoezi, na mama wa mdoezi hana pa kuficha uso wake.

Uani kwa jirani yetu alikuwa anakaa mama mmoja mjane tukimwita Bibi Agata. Mtu mrefu, mkimya, jembe halitoki mkononi. Alikuwa na desturi ya kuchemsha chungu cha viazi mchana, au makande, na akimwona Edina anapita na Beno mgongoni anamwita. Watoto wanakula, wanasema asante bibi, wanaondoka. Jambo dogo tu. Mpaka siku moja bombani mwanamke mmoja mwenye mdomo akamwambia wifi mbele za watu, "Mama Edina, wewe unalisha stendi nzima, mbona mwanao anadoea kwa kikongwe wa watu?" Wenzake wakacheka. Kicheko cha bombani unakijua wewe? Kinakufuata mpaka kitandani.

Wifi alirudi nyumbani hata ndoo hajaitua vizuri. Akamwita mtoto uani, wapangaji wote wanatazama, akamchapa. Akamwambia, "Nikisikia tena umetia mdomo kwa watu, utanitambua mimi ni nani." Kaka akaunga mkono, akasema mtoto wake si ombaomba. Edina akajifuta machozi kwa gauni akasema, "Sitarudia, mama."

Na hakurudia. Tatizo la mtoto mtiifu, mwanangu, ni kwamba anakutii kweli. Bibi Agata akimwita, anatikisa kichwa na kusema ameshiba. Bibi akamfuata wifi kumuuliza, naye akajibiwa kwa heshima zote kwamba mtoto anakula shuleni. Shuleni kulikuwa na uji wa saa nne, siku ambayo unga upo. Mama mlezi yeye alikuwa anajua kwamba watoto wakifika kwao watakula. Nyumbani sufuria lilikuwa limefunikwa kwenye jiko lililolala majivu mpaka wakubwa warudi. Kila mtu alimkabidhi mwenzake tumbo la yule mtoto, na tumbo likabaki halina mwenyewe. Mimi nilimwona Edina anavyokunywa maji. Anafika jioni, anakunywa kikombe juu ya kikombe. Nilimsemesha wifi jambo hilo, akanijibu, "Wifi, subiri uzae kwanza ndipo unifundishe." Basi, nikameza.

Sasa ile siku yenyewe. Mvua ilianza asubuhi, mchana ikazidi, msimamizi akazima mashine akatuambia twende majumbani. Nikashuka mbio nimejifunika kiroba kichwani. Nilipoingia uani nikasikia harufu ya mahindi yanakaangwa. Nikafurahi, mwanangu, Mungu anisamehe, nikasema leo wifi kawahi kurudi. Nikasukuma mlango wa jiko.

Edina alikuwa amechuchumaa mbele ya moto na kikaango. Beno amekaa juu ya kuni, shavu limejaa, anatafuna. Na vidole vyao, vya wote wawili, vilikuwa vyekundu.

Kama umelelewa kwenye kilimo unajua nasema nini. Mbegu za dukani zinapakwa dawa ili mchwa na panya wasizile ardhini, na dawa hiyo ndiyo inayozipa ile rangi. Tulikuwa tumepanda shamba, zikabaki kidogo kwenye mfuko wake, kaka akazichomeka juu ya dari ya jiko zisubiri kurudishia mahali ambapo hapakuota. Kila mtoto nyumbani aliambiwa zile ni sumu. Edina alijua. Lakini wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na yule alikuwa na njaa ya wiki nyingi na mdogo wake analia mgongoni.

Nilipiga kelele moja tu, sijui hata nilisema neno gani. Nikampokonya Beno alichokuwa nacho, nikamwingiza kidole mdomoni kutoa kilichobaki. Ananitazama macho yake yanateleza. Udenda ulikuwa unamtoka, na jasho, kwenye baridi ile! Nikamwuliza Edina, "Mmekula kiasi gani?" Nikamshika mabega nikamtikisa, "Edina, mmekula kiasi gani?" Mtoto akajikunja, akaweka mikono kichwani kujikinga. Alikuwa anangoja fimbo.

Wapangaji wakajaa mlangoni, kila mmoja na dawa yake. Mmoja anasema mpe maziwa, mwingine anasema mafuta ya kula, mwingine mtapishe kwa maji ya chumvi. Bibi Agata akapita katikati yao kama hawapo. Akasema, "Msimnyweshe kitu. Hospitali." Akamfunga Beno mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, akaniambia, "Binti, chukua huo mfuko wa mbegu na karatasi yake. Daktari atataka kujua ni dawa gani." Mimi akili ile nisingekuwa nayo. Nilikuwa nasema tu Mungu wangu, Mungu wangu.

Tukatoka na Edina nimemshika mkono. Siku hizo bodaboda hakuna, na hospitali ilikuwa mbali na mtaa wetu. Barabara imekuwa tope tupu. Bibi Agata, na umri ule, akasimama katikati ya njia mbele ya lori la magogo, akainua mikono yote miwili. Dereva akafunga breki mpaka magogo yakalia nyuma, akatoa kichwa dirishani kututukana, kisha akamwona Beno shingo imelegea. Hakumaliza tusi lake. Akafungua mlango akasema, "Pandeni, mama, pandeni haraka."

Ndani ya lile lori Beno akaanza kutapika na kukakamaa. Bibi Agata akamlaza kiubavu mapajani na kumfuta mdomo. Kisha akamgeukia Edina, kwa sauti ya chini kabisa, lori linanguruma na mvua inapiga kioo, akamwambia, "Mjukuu wangu, nisikilize. Leo hakuna wa kukupiga. Akikupiga mtu, atanipiga mimi kwanza. Niambie mlivyokula." Edina akamtazama usoni. Halafu akasema, na maneno yake nitakufa nayo, "Bibi, sikudoea. Nilikula za kwetu."

Basi taratibu mtoto akasema yote: kwamba Beno alikuwa analia njaa tangu kwa mama mlezi, kwamba alizikaanga vizuri ili sumu iungue, kwamba alimpa Beno viganja viwili maana ni mdogo, na yeye akala chache tu zilizobaki kwa sababu zilikuwa chungu. Bibi Agata hakumgombeza hata kidogo. Akamshika kichwa akakilaza ubavuni mwake.

Hospitali walimpokea Beno mbiombio. Muuguzi akaupokea ule mfuko, akaukimbiza kwa daktari, mlango ukafungwa. Tukabaki kwenye benchi. Edina walimtazama naye, wakasema akae hapo hapo wamwangalie. Mimi nilikuwa nasali rozari kwa vidole vyangu, nakosea hesabu, naanza upya. Kila mlango ukifunguka nasimama.

Kaka akafika amelowa chapachapa, kisha wifi, na beseni lake bado analo mkononi, viazi vimebaki humo vimepoa. Alikuwa amepata habari nusu. Alipomwona Edina akapaza sauti, "Wewe mtoto! Umemlisha mdogo wako sumu?" Akainua mkono. Bibi Agata akasimama mbele yake. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti tangu nimefika Mafinga, siku hiyo korido nzima ilimsikia.

Akasema, "Shusha mkono wako! Huyu ndiye aliyempa mdogo wake fungu kubwa, akabakiza dogo. Nyinyi mmempa nini? Adui mwombee njaa, ndivyo wazee walivyosema. Adui! Nyinyi mmemwombea njaa mwana wenu wa kumzaa, mkaiita adabu. Mama, umelisha abiria usiowajua majina tangu asubuhi, na hayo mabaki umeyashika mkononi. Baba, unasema mwanao si ombaomba. Ni kweli, hakuomba. Amekaa na njaa kimya mpaka akala mbegu ya shamba. Haya, mmefurahi? Jina lenu limebaki safi?"

Kaka akageukia ukutani. Wifi akashusha beseni sakafuni akakaa pembeni yake, wala hakulia. Tulikaa hivyo usiku kucha, mwanangu. Sikutakii ungojee mlango wa hospitali namna ile.

Kulipokucha daktari akatoka akasema mtoto amepita hatari. Amelegea, atabaki siku kadhaa, lakini amepita. Nilipiga magoti pale pale. Akasema pia kwamba kuzikaanga hakuondoi dawa ile, na kwamba tungechelewa kidogo tu yeye daktari asingekuwa na jema la kutuambia. Muuguzi mmoja mwenye huruma akaleta kikombe cha uji wa moto akampa Edina, kwani naye sasa aliruhusiwa kula. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili. Mvuke unamgonga usoni, midomo imemkauka, mate anayameza tunamwona. Lakini hakunywa. Akageuka akamtazama mama yake, akauliza, "Mama, huu ni wa watu. Ninywe?"

Hapo ndipo wifi alipopasuka. Alilia kilio kilichowainua wagonjwa vitandani. Akatambaa mpaka kwa mwanawe, akamshikia kile kikombe mdomoni kwa mkono wake, anasema, "Kunywa, mama yangu, kunywa, kunywa wote." Edina alikunywa mpaka akafuta ndani kwa kidole.

Wiki iliyofuata jumuiya yetu ya kanisani ilisali nyumbani kwetu. Ilipofika zamu ya kutoa nia za maombi, wifi akasimama mbele ya wanawake wale wale waliomcheka. Alikuwa mtu wa majivuno, nakwambia, na nilidhani atasema maneno ya kawaida ya shukrani. Akasema, "Mwanangu akipita kwako ukaona ana njaa, mpe. Usiniulize mimi, usimuulize yeye, mpe. Na wa kwako akipita kwangu nitampa. Atakayetaka kucheka acheke." Hakuna aliyecheka. Yule mwenye mdomo ndiye aliyeitikia amina ya kwanza. Tangu hapo asubuhi wifi alikuwa hatoki na beseni mpaka aache sahani ya viazi imefunikwa mahali Edina anapofikia, na chupa ya uji, na akapatana na Bibi Agata kwa maneno ya wazi: nikichelewa, ni wako.

Sasa mwanangu, ukiniuliza nakuusia nini, ni haya. Usiseme "kala shuleni" kama hukumuuliza kala nini na saa ngapi. Uji wa saa nne hauwezi kumshikilia mtoto anayekimbia, anayesoma, anayerefuka, mpaka saa mbili ya usiku. Wewe mkubwa mwenyewe huwezi, na kazini nakujua unatoka kwenda kutafuta chapati. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo usipime tumbo lake kwa lako. Huyo anayekulelea mtoto, ongea naye mdomo kwa mdomo, mjue nani anampa cha mchana na nani cha jioni, maana chakula kinachodhaniwa hakijawahi kumshibisha mtu. Unaishi nchi ya viazi wewe! Parachichi zinaozea chini ya miti, magimbi yapo, mahindi yapo, maziwa ya mgando yapo. Sikudai nyama. Acha kitu nyumbani, mahali mkono wake unafika, na sumu za shambani ziweke mahali ambapo hata wewe unasumbuka kuzipata. Na kama siku hiyo huna kabisa, maana ipo siku mtu anakuwa hana, basi usione haya kumwambia jirani. Haya hiyo yetu sisi wazazi analipa mtoto.

Mfundishe mwanao adabu, ndiyo, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Anawe mikono, ashukuru, asipokonye. Lakini adabu yoyote inayomfunga mdomo asiseme "nina njaa," hiyo ivunje leo. Mtoto anayekuja kukuambia ana njaa anakuamini. Siku akiacha kukuambia, ogopa.

Haya, nipe mikono yako. Mungu aibariki hii ipike na igawe, moto wa jiko lako usikose mtoto wa kuuzunguka, wako na wa mwenzako. Akujalie majirani wasiouliza mara mbili. Wanao wakue, wanenepe, wakuzike wewe, wewe usije ukawazika wao. Amina. Sasa inuka, usikae hapa kunifutia machozi, mimi nimezoea. Watoto wako wameshatoka shule. Nenda.